Tuanzie Kulia

Kliniki yetu imebanwa kati ya benki iliyofungwa
na duka la vipuri vya matrekta.
Kazi yangu ni simu, risiti,
na bisibisi nyembamba kama kijiti cha meno:
nakaza miwani iliyokaliwa, iliyokanyagwa na ng'ombe,
iliyotafunwa na mbwa wa mchungaji wa Kilutheri
(mara mbili mwaka huu, mbwa yuleyule).

Daktari Okemow huwauliza wote swali moja:
"Ipi afadhali, hii... au hii?"
Wakulima wanaokisia bei ya ngano bila kupepesa
hapo hutokwa jasho.
"Rudia," husema. "Rudia tena,"
kana kwamba wakikosea watanyang'anywa shamba.

Bwana Orest Hladun alikuja Januari,
siku ya baridi ya kukata maneno mdomoni.
Miaka ishirini na sita anaendesha basi la shule,
lile la manjano, watoto kumi na mmoja,
barabara imenyooka kama rula hadi kwa akina Fehr.
Nikamwekea kidevu kwenye mashine.
Ndani mna picha: barabara, na mwisho wake puto jekundu.
"Unaona nini?"
"Barabara."
"Na mwisho wake?"
Akacheka. "Mwisho wa barabara za huku hakuna kitu, binti."

Nikanyamaza. Si kazi yangu kusema.

Chumbani alisoma herufi zote hadi mstari wa chini,
mbio, bila kupumua,
kama mtoto anayekariri mara saba.
Daktari hakumsifu. Alifuta lenzi isiyo na vumbi,
akasema polepole:
"Vizuri. Sasa tuanzie kulia."

Kimya kikapita chini ya mlango hadi mezani kwangu.
Kisha kiti kikalalamika.
Kisha sauti yake, ndogo kuliko koti lake:
"Nani huanzia kulia?"

Wanasema macho hayana pazia.
Yake yalikuwa nayo mawili, rangi ya chai ya maziwa,
yamefumwa kwa ndani, uzi baada ya uzi.
Mtoto wa jicho;
na yeye ambaye hakujaliwa mtoto
alikuwa amelea wawili kwa siri,
akimficha mkewe, akiwaficha wakuu wa shule,
akiwaficha wale kumi na mmoja.

Funguo za basi aliziweka juu ya meza yangu.
Hazikunihusu. Nikazipokea.
Nikapiga simu shuleni, nikapiga Saskatoon kwa mpasuaji.
Yeye alisimama dirishani akivaa glavu,
akikosa kidole, akianza upya.
"Nilikuwa nahesabu," akasema.
"Daraja, halafu moja hadi ishirini, halafu kona.
Sijawahi kukosea."
Daktari alikuwa mlangoni.
"Bado," akajibu.

Aprili alirudi amekasirika.
Kuta za jiko lake, kumbe, si nyeupe!
Miaka yote wageni wanakaa, wanakula keki,
wanazitazama, na hakuna aliyemwambia.
Na theluji iliyobaki mtaroni ina buluu ndani yake.
Kwa nini tulimficha buluu?
Akaweka kidevu bila kuombwa.
"Ahaa. Puto."
Akakaa hapo muda mrefu kuliko mashine inavyohitaji.
"Nani yumo ndani yake?"
Sikujua. Miaka tisa, sikuwahi kuuliza.

Basi wamempa binti wa Fehr.
Hilo hataki kulizungumza.

Juzi tulipofunga, daktari akanionyesha kiti:
"Zamu yako."
Nikasoma hadi chini, sikukwama popote.
Akanitazama tu.
Ubao ule naupita kila jioni na ufagio.
Nilishindwa kusema kama nimeona
au nimekumbuka.
Alikuwa tayari amefungua droo,
anatafuta herufi nyingine.